Pete ya Kuku Namba Tatu

Kama kuna mtu kijijini Kirolirwe, kwenye milima ya Masisi, anayeweza kuchoshwa na majirani kabla jua halijapanda vizuri, mtu huyo ni Mukandori. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alishuka bondeni, nyuma ya zizi la ng'ombe, viatu vya mpira miguuni na daftari kwapani, kwenda kuteremsha mtego wa mbu. Mtego wenyewe haukuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa taa ndogo, feni ndogo chini yake, na mfuko wa chandarua unaoning'inia. Mbu walifuata mwanga, feni ikawavuta, wakaishia mfukoni, naye Mukandori akawamimina kwenye kikopo, akawahesabu, akaandika. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini asubuhi moja ya Februari alifika akakuta msumari mtupu.

Hakupoteza muda kutafuta kwenye majani. Alipanda moja kwa moja kwa Bibiche, jirani yake wa juu, anayeimba kwaya na ambaye hajawahi kukosa jibu.

"Bibiche, mutego yangu iko wapi?"

"Iko ndani, dada. Nilitundika pa kitanda ya batoto. Balilala muzuri! Hata mbu moya haikubauma."

"Ile mutego ni ya kuhesabu mbu ya kwa ng'ombe, Bibiche. Nilikuambia mara ngapi?"

"Sasa ng'ombe njo inapashwa kulala muzuri kuliko bantu?"

Mukandori aliingia ndani, akautungua mwenyewe. Haikuwa mara ya kwanza. Wiki mbili kabla ya hapo betri ya mtego ilikuwa imekwenda kanisani kupiga kinanda cha Jumapili, na yeye akalazimika kuandika kwenye fomu kwamba mbu walikuwa sufuri, hadi wakubwa wa ofisi ya mifugo Goma wakapiga simu kuuliza kama mbu wa Kirolirwe nao wamekimbia vita. Alipowaomba watu wamletee habari za ndege waliokufa porini, mzee mmoja akamletea njiwa mwenye kichwa kilichopondwa kwa jiwe, akadai eti amekufa kwa homa. Mukandori aliandika hata hilo, kwa hasira, kwa mwandiko mzuri.

Ule mwandiko ulikuwa na sababu. Mukandori alikuwa na miaka hamsini na miwili. Babu yake alilima kilima hikihiki, baba yake akakilima, na yeye na mumewe Théogène wanakilima: viazi, maharagwe, mahindi kidogo. Shuleni alifika mwaka wa pili wa sekondari tu, kisha mambo ya nchi yakaharibika na madaftari yake yakabaki kwenye nyumba iliyoungua. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetaka kusoma alichoandika, mpaka alipokuja Astrid. Astrid ni fundi wa mifugo kutoka Goma, mwanamke mfupi mwenye pikipiki ndefu, na ndiye aliyempa kazi ya kulinda kuku sita na mtego mmoja. Kwa miaka mitatu daftari la Mukandori lilisomwa Goma kila mwezi, ukurasa kwa ukurasa, na jina lake likiwa juu. Angeweza kuvumilia mengi kwa ajili ya jambo hilo, na alivumilia mengi kweli.

Kuku wale walikaa ndani ya kibanda cha waya kando ya majimaji, mahali korongo na yangeyange wanapotua. Kila mmoja alivaa pete ya plastiki ya njano mguuni, yenye namba, moja hadi sita. Mara moja kwa mwezi Astrid alikuja, akamkunjua kila kuku bawa, akatafuta mshipa, akavuta matone machache ya damu kwa sindano nyembamba, akayaweka kwenye sanduku la barafu. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amemweleza Mukandori hivi, akihesabu kwa vidole:

"Mama Mukandori, kuna homa moja inaitwa homa ya Nil. Inaishi mu ndege. Mbu inaitoa kwa ndege hii, inaipeleka kwa ingine. Mara moja moja inakosea njia, inauma muntu. Bantu wengi hawasikie kitu. Lakini muzee anaweza kuumwa kichwa mpaka akili inapotea. Kuku yeye haigonjwe. Damu yake tu njo inakumbuka. Mbu ya ugonjwa ikimuuma, alama inabakia mu damu."

"Kwa hiyo kuku ni mulinzi."

"Njo vile. Lakini lazima ikuwe kuku ya hapahapa, tuliyoipima ikiwa safi. Wakichanganya hata moya na kuku ya fasi ingine, ya kijiji ingine, hatutajua tena alama ilitoka wapi. Nitafunga kituo yote. Unasikia?"

Mukandori alisikia. Akawalinda kuku wale dhidi ya mbwa, vicheche, askari wenye njaa, wachungaji wa dini wanaopenda kutembelea watu saa ya chakula, na hasa dhidi ya Bibiche. Kwa miezi thelathini na minne majibu yalirudi yakiwa neno moja: safi. Safi, safi, safi. Watu walimcheka. Miaka mitatu kudunga kuku na hakuna kilichoonekana!

Siku ileile ya mtego kutundikwa kitandani, Mukandori alipaswa kwenda Sake kwenye mafunzo ya siku mbili. Alimwachia mumewe maagizo mlangoni, kidole kikiwa hewani.

"Papa Uwitonze, vitu viwili tu. Mutego na kuku. Bibiche asiguse."

"Bibiche hatagusa," Théogène alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Théogène ni shemasi, mtu mpole, mkarimu mno kwa vitu visivyo vyake. Kuku wake mwenyewe walikuwa wamekufa wote mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kuku, na tangu hapo alikuwa akiwatazama wale sita wa mkewe kama mtu anayetazama shamba la jirani lililostawi. Mukandori aliporudi kutoka Sake, kichwa kikimuuma kwa vumbi na maneno, alimkuta amechangamka. Wakwe walikuja! Binti yao Uwitonze ameolewa Shasha, kando ya ziwa, na mama mkwe wake, mama Byukusenge, alipanda mwenyewe hadi Kirolirwe kutoa habari kwa heshima zote kwamba Uwitonze ana mimba. Walilala usiku mmoja, wakala, wakaomba, wakashuka. Bibiche ndiye aliyepika.

"Walikula nini?" Mukandori aliuliza, akivua viatu.

"Kuku," alisema Théogène.

Mukandori alidhani kuku wa kuazima, kama watu wote wanavyofanya mgeni akiwazukia. Alikuwa amechoka. Furaha ya mjukuu ilimfunika. Hakuuliza tena, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote lingine.

Kesho yake alishuka bondeni, akahesabu: kuku sita, pete sita. Jambo moja tu lilimshangaza. Kuku namba tatu, yule jike mwekundu mwenye mkia mweusi, alikuwa amejikunyata pembeni na wenzake wakimdonoa. Mukandori akaandika kwenye daftari: "Namba tatu anadonolewa na wote. Anakaa peke yake. Sijui kwa nini." Siku kumi baadaye Astrid akaja, akachukua damu, akaondoka.

Majibu yalifika Machi kwa simu. Mukandori alikuwa amepanda hadi penye kanisa, maana ndipo rezo ya simu inaposhika, na sauti ya Astrid ilikuwa ya mtu anayejizuia asipige kelele. Namba tatu ana alama, wale wengine watano ni safi. Homa ya Nil imepanda mlima.

Habari hiyo ilifika kijijini kabla Mukandori hajateremka. Ungefikiri watu wangemwambia: kumbe ulikuwa sahihi, mama, asante kwa kutulinda. Thubutu! Walikuja wanne, watano, wakasimama uani. Banasema kuku zako zinaleta ugonjwa. Zichinjwe. Zichomwe. Wauza jibini walisema wanunuzi wa Goma wakisikia, hakuna atakayepanda tena. Mukandori akawaeleza kwamba kuku hawaleti ugonjwa, wanauonyesha tu. Akawaeleza tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imekwisha, na Bibiche, mwenye kuimba kwaya, akauliza kwa upole kama basi mtego ule unaweza kurudi kwenye kitanda cha watoto, maana sasa sababu ipo.

Siku tatu baadaye, Uwitonze alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba akiwa na begi moja na tumbo la miezi mitano. Hakulia. Alikaa kwenye benchi la jikoni, akasema kwa sauti kavu kwamba mama mkwe wake anaumwa. Kichwa, shingo iliyokakamaa, maneno yasiyoeleweka. Zahanati ilipima malaria mara mbili, hakuna. Na familia imeshakaa ikaamua: ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo huwekwa kwenye chakula na kumwua mtu baada ya wiki kadhaa. Mama alikula wapi ugenini? Kirolirwe tu.

"Gisubizo anasema nini?" Mukandori aliuliza. Gisubizo ndiye mume.

"Gisubizo ananyamaza. Baba yake mudogo njo alisema nirudi kwetu mpaka mama apone. Na kama hataponaka..." Uwitonze aliangalia tumbo lake. "Mutoto watakuja kumuchukua. Miye hapana."

Théogène alisimama.

"Karuho? Kwangu? Shemasi! Miye niliyebachinjia kuku yangu kubwa kuliko zote!"

Mukandori alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Kuku gani?"

"Kuku."

"Papa Uwitonze. Weye hauna kuku. Zako zilikufa zote. Kuku gani?"

Théogène alitazama mlango, kisha bati, kisha miguu yake.

"Mama Byukusenge alikuya na zawadi," alisema. "Samaki ya sambaza, mafuta, na kuku moya, jike nyekundu, nzuri. Sasa nitabapikia kuku yabo benyewe? Muntu akuletee kuku, umurudishie mu sahani? Ile ni haya, mama. Nikaangalia, ile yako ya numero tatu iko sawasawa na yabo. Rangi moya, mukia moya. Nikachinja yako, nikaweka yabo mu kibanda. Kuku kwa kuku. Hakuna kitu ilipotea."

"Na pete?"

"Pete nilitoa, nikavalisha ile ingine." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyekumbuka kufunga lango.

Mukandori aliweka kisu chini. Alitaka kucheka, alitaka kumrushia kiazi. Miaka mitatu amelinda kuku dhidi ya dunia nzima, na mwizi alikuwa amelala naye kitanda kimoja, na wala hakuwa mwizi, alikuwa mtu wa heshima! Maana hapo ndipo palipomwuma: kwa desturi za kwao Théogène hakufanya kosa hata moja. Alimpokea mgeni inavyopaswa. Alirudisha alichochukua, kwa ukubwa uleule na rangi ileile. Mtu yeyote Masisi angemsifu.

Alichukua daftari, akatafuta ukurasa wa Februari. "Namba tatu anadonolewa na wote. Sijui kwa nini." Kuku watano wenye akili ya punje ya mtama walikuwa wamemtambua mgeni siku ya kwanza. Yeye, mwenye cheti cha mafunzo cha Sake, alisoma namba kwenye pete akaridhika. Alijichukia kwa dakika nzima.

Kisha mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. Kuku mwenye alama hakuwa wa Kirolirwe. Alitoka Shasha, uani kwa mama Byukusenge, na alipanda mlima akiwa na alama tayari. Kwa hiyo mbu wenye homa wako Shasha. Na mama Byukusenge anaumwa kichwa na shingo, Shasha. Hakuna aliyemlisha sumu. Aliumwa na mbu nyumbani kwake.

"Lazima nimwambie Astrid," alisema.

"Usimuambie," Théogène alisema haraka. "Wee, sikia. Bakwe wakijua nilibalisha kuku ya kudungwa shindano kila mwezi, kuku ya kutolewa damu, watasema njo ile karuho yenyewe. Tutakuwa tumejifunga kamba sisi benyewe."

Na hapo, Mungu amsamehe, Théogène alikuwa na hoja. Mukandori aliliona wazi. Akinyamaza, Kirolirwe itabaki na jina la ugonjwa usio wake, Shasha haitaambiwa kitu, yule mama atatibiwa sumu kwa majani mpaka afe, na Uwitonze atabaki kwenye benchi hilo maisha yake yote. Akisema, huenda binti yake akaokoka, na huenda akaangamia kabisa. La hakika lilikuwa moja tu: akisema, daftari lake limekwisha. Alimaliza kumenya viazi, maganda manene hivi kwamba viazi vilibaki kama karanga, kisha akapanda kanisani kutafuta rezo.

Alimweleza Astrid yote.

"Miaka tatu, Mama Mukandori," Astrid alisema. "Miaka tatu!"

"Ninajua."

"Na pete alihamisha?"

"Alihamisha."

Kesho yake kabla ya saa sita Astrid alikuwa amefika, uso umejaa vumbi na ghadhabu, maana kwenye kila kizuizi alitakiwa kufungua sanduku la barafu na kueleza kwa nini mtu mzima anasafirisha damu ya kuku. Hakunywa hata maji. Walishuka Shasha kwa pikipiki mbili, Astrid na Mukandori mbele, Théogène nyuma. Mukandori alikuwa amemwambia mumewe jambo moja tu: utasema wewe, kwa mdomo wako. Uwitonze aliachwa kwa Bibiche.

Shasha waliwapokea bila kuwapokea. Wanaume watano wa ukoo walikaa kwenye viti, sambaza wakikauka kwenye wavu nyuma yao. Hakuna aliyewapa maji, hakuna aliyesema karibu. Gisubizo aliangalia chini. Kutoka chumbani walisikia sauti ya mama Byukusenge ikimwita mtu aliyekufa zamani.

Théogène alisema. Alisema yote, kofia mkononi, hadi ile pete. Alipofika kwenye sindano, viti vikagongana.

"Shindano! Munasikia? Amesema mwenyewe! Alimulisha mama kuku ya shindano!" Huyo alikuwa baba mdogo, tayari amesimama.

Mukandori hakuwa ameombwa kusema, na hakusubiri kuombwa. Alifungua daftari.

"Mwezi wa tano, mwaka wa kwanza," alisoma. "Namba tatu: safi. Mwezi wa sita. Namba tatu: safi. Mwezi wa saba..."

"Mama, nyamaza kwanza."

"Sinyamaze. Munasema alikula sumu, basi musikie alikula nini. Mwezi wa nane. Safi."

Alisoma miezi yote thelathini na minne. Alisoma kwa sauti ya mtu anayewafokea watoto, bila kuruka hata mmoja, na kufikia wa ishirini hivi baba mdogo alikuwa amekaa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kusimama kwa hasira muda wote huo akisikiliza neno moja. Mukandori alipomaliza alipiga kofi ukurasa.

"Mu Masisi yote hakuna kuku iliyopimwa sawa ile. Njo mama alikula. Sasa ile kuku mama alituletea, ile ilitoka hapa, mwezi moya tu ilipimwa. Ilikuwa na alama. Nani anajua ilikuwa inalala wapi?"

Kisha Gisubizo, aliyekuwa hajasema neno tangu mkewe aondoke, akanyanyua mkono na kuonyesha nyuma ya nyumba, kwenye matete na maji yaliyotuama, hatua kumi na tano kutoka dirisha la chumba cha mama yake.

"Pale," alisema. "Mama mwenyewe njo anazifungiaka pale kila jioni. Anakaa nazo mpaka giza."

Astrid aliinuka, akavaa glovu. Hakusema kwamba mama ana homa ya Nil. Alisema hajui, na kwamba karatasi yake itaomba hospitali itafute hiyo badala ya sumu. Alichukua damu ya kuku saba wa uani pale. Gisubizo alimbeba mama yake mgongoni hadi barabarani ili apelekwe hospitali, na hakuna aliyemzuia.

Kati ya kuku saba, wanne walikuwa na alama. Wiki tatu baadaye jibu la mama Byukusenge likaja pia: ndiyo. Dawa ya homa yenyewe haipo, lakini hospitali walimlisha, wakamtunza, wakamsubiri, na akili ikarudi polepole. Uwitonze alirudi kwa mumewe kabla ya Pasaka. Gisubizo alikuja kumchukua mwenyewe, na Mukandori alimsema kwa nusu saa nzima kuhusu wanaume wanaonyamaza, naye akanyamaza.

Na kituo cha Kirolirwe kikafungwa. Astrid aliahidi hivyo siku ya kwanza, na Astrid si mtu wa kubadilika. Alikuja na gari dogo, akachukua kibanda, mtego, betri, kuku watano. Yule kuku mgeni alimrudisha Shasha, ambako kituo kipya kilikuwa kinaanza. Mwisho akanyoosha mkono, akaomba daftari.

"Litabakia Goma," alisema. "Bakubwa wanasema hii kitabu njo ilionyesha Shasha. Wanataka kuliweka."

"Njo vizuri," alisema Mukandori, na akaingia ndani ili asionekane.

Kwa wiki nyingi aliendelea kuamka saa kumi na mbili na kuvaa viatu vya mpira, kisha kukumbuka. Watu waliomcheka kwa miaka mitatu sasa walimpa pole, jambo lililomkera zaidi. Bibiche alilalamika kwamba mbu wamerudi chumbani kwa watoto. Mukandori akamwambia anunue chandarua.

Juni, saa nne asubuhi, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Mama Byukusenge aliteremshwa na Gisubizo, fimbo katika mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia bila nguvu. Na kwapani mwa Gisubizo kulikuwa na kuku. Jike, mwekundu. Mkia mweusi.

Mukandori alifumba macho. Karibu alie kwa hasira. Alimchukua yule kuku, akamfunga mguu kwenye mti ulio mbali kabisa na kila kitu, na aliporudi alimkuta Théogène amesimama uani, anageuza shingo huku na huku, macho yakitafuta jiko la nani lina kuku wa kuazima.

"Ikala chini," alimwambia.

"Lakini bakwe..."

"Ikala!"

Akapika kilichokuwepo: maharagwe na viazi. Akaleta meza ndogo, maji ya kunawa, sahani moja kubwa. Tangu habari za karuho zienee pande zile, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone. Hakuna anayekasirika kwa hilo, ni jambo la kawaida kama kunawa mikono. Mukandori akachukua kijiko, akakizamisha kwenye maharagwe, akakiinua.

Mkono wa kushoto wa mama Byukusenge ukamshika kifundo cha mkono. Ulishika kweli. Ukamnyang'anya kijiko, ukakipeleka taratibu mdomoni mwa mgeni mwenyewe, nusu ikimwagika kwenye kitenge. Akatafuna. Akameza. Akachota tena, macho yake yakiwa kwa Mukandori, akala cha pili, na cha tatu.

"Chumvi haitoshe," alisema mama Byukusenge.

Mukandori aliinuka kwenda jikoni kuleta chumvi, na alikaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.